Betri Niliyoipakata Ukweni

Jamani, aibu hii nataka niisimulie mwenyewe kwa mdomo wangu, maana baba mdogo wangu Yahaya anaisimulia pale kwenye kahawa Ujiji kila jioni na kila akiisimulia anaongeza chumvi, juzi nimesikia amefika mahali anasema nilikimbia uchi mpaka barabarani, uongo mtupu, sikukimbia na wala sikuwa uchi wote. Nilikuwa nusu. Kwa hiyo bora mnisikie mimi, mwenye mapaja yangu.

Mimi Hamisi mnanijua, nakaa Katubuka, nazungusha samaki, migebuka na dagaa, kwa wateja kwa pikipiki, na ugonjwa wangu pia mnaujua: siamini mtu. Mtu akinichekea sana asubuhi najiuliza anataka nini kwangu. Nikienda sokoni nyanya nazigeuza moja moja, juu, chini, pembeni, mpaka mama mmoja pale akaniuliza, "Wewe baba, unanunua au unaposa?" Na msinione chizi, nina sababu zangu, kwa sababu niliwahi kuuziwa betri ya pikipiki "mpya kabisa kaka, imetoka kwenye boksi sasa hivi", ikakaa siku tisa, siku ya kumi naitoa, rangi nyeusi ikabaki kwenye vidole vyangu, kumbe ni betri kuukuu imepakwa dawa ya viatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi tangu siku hiyo nashtuka hata nikiona kamba za viatu vyangu mwenyewe.

Betri niliyoweka baada ya ile ya dawa ya viatu ilinitunza vizuri, halafu nayo ikafa, na ikachagua kufa wiki ile ile ambayo Jumamosi yake nilitakiwa niende Simbo kujitambulisha kwa wazazi wa Zuhura. Zuhura ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale Mwanga, tulikuwa tumeelewana mwaka mzima na zaidi, kilichobaki ni wazee tu. Na mzee mwenyewe ni baba yake, Mzee Rajabu, mkulima wa michikichi, mtu wa maneno machache, ambaye sifa zake zilinifika kabla sijamwona: alishamrudisha mposaji mmoja pale pale uani kwa sababu alisalimia akiwa bado amekaa juu ya pikipiki.

Zuhura akanishonea suruali ya kadeti kwa ajili ya siku hiyo, rangi ya udongo, mfuko wa nyuma una kifungo, imenikaa mpaka nikajiona afisa. Akaniambia, "Hamisi, nakuomba mambo mawili tu. Salimia vizuri, kwetu salamu si kupunga mkono. Na usiwatolee wazee wangu hayo macho yako ya polisi. Baba akisema hapana, ni hapana, na mimi siolewi kwa kumvuka baba yangu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Wasiwasi mwenyewe nilikuwa mimi.)

Sasa mtauliza, betri ikifa si unapiga kiki unaondoka? Kiki yangu ilikuwa imekatika meno siku nyingi, ukiikanyaga inashuka tu haishiki kitu, na sikuitengeneza kwa sababu nilipoambiwa lazima injini ifunguliwe nikajua hapo vyuma vyangu vya ndani vinataka kubadilishwa na vya pikipiki ya shemeji yake mtu. Kwa hiyo bila betri pikipiki yangu ni ya kusukumwa, na nikajiona niko uani kwa Mzee Rajabu, naaga kwa heshima zote, halafu nasukumwa na mashemeji kama gari la mkaa. Nikasema hapana, hiyo haitatokea.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Nestori. Nestori ana banda lake hapo karibu na kwangu, wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi, yeye mwenyewe kazaliwa huku huku, anaongea taratibu, anapima neno kabla ya kulitoa. (Na mimi, Mungu anisamehe, hata utaratibu wake huo niliutilia shaka, nikawa najiuliza mtu mkweli anafikiria nini kabla ya kusema.) Akaniwekea betri mbili mezani.

"Hii ya kwanza ni ya maji," akasema. "Naijaza asidi hapa, halafu naichaji. Hii ya pili imefungwa, haina kujaza wala kufungua, hata ikilala haimwagi. Bei yake imezidi kidogo. Kwa barabara zako na mizigo yako, chukua hii iliyofungwa."

"Mbona unaisifia sana hii?"

"Kwa sababu ni nzuri."

"Kwa hiyo ile ya maji ni mbaya?"

"Oya, kaka, oya," akasema, na kwao oya ni hapana. "Si mbaya. Inataka uangalizi tu."

"Kama si mbaya kwa nini hutaki kuniuzia?"

Nestori akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Chukua unayotaka, kaka."

Na hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, ndugu zangu, hapo hapo, kwa sababu mimi hesabu yangu ilikuwa fupi: ile anayoisifia fundi ndiyo yenye ujanja, kwa hiyo chukua ile nyingine. Nikaichukua ile ya maji. Nikaigeuza. Nikaikwangua kwa kucha kutafuta dawa ya viatu. Nikatema mate kwenye kidole nikasugua pembeni, nikanusa, nikaitikisa sikioni, nikaipima kwa mkono huu na ile yangu iliyokufa kwa mkono huu, na wakati huo wateja wengine wawili wameacha shughuli zao wananitazama, mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu akinunua jeneza atalala kwanza ndani." Walicheka wao. Mimi nilikuwa kazini.

Nestori akaijaza asidi taratibu, tundu moja baada ya jingine, akaniambia sasa niiache pale mpaka saa saba ipate chaji ya kutosha, ndipo aifunge.

Niiache pale! Nikaona mchezo wote mbele ya macho yangu: mimi natoka, betri yangu inaingia chini ya meza, inatoka nyingine. Nikaokota msumari chini, nikaipindua kidogo kabla hajanizuia, nikachora herufi H ubavuni, kubwa. Nikamwambia, "Sasa hata ikibadilishwa nitaijua."

Wale wateja wakacheka tena. Nestori hakucheka. Akasema, "Kaka, miaka yangu yote hapa sijawahi kubadilisha betri ya mtu."

"Sijasema umebadilisha. Nimesema ikibadilishwa."

Akarudi kwenye betri. Na niliiona sura yake, nisiwadanganye, niliona nimemuumiza, lakini nikajiambia hata hiyo inaweza kuwa mbinu. Nikamlazimisha aifunge baada ya nusu saa tu. Akaifunga, akaunganisha waya, akanionyesha kimpira chembamba ubavuni mwa betri, akasema, "Hapa ndipo inapopumulia. Huu mpira usiuchomoe. Na betri hii usiilaze, ikilala inamwaga, na asidi haichagui nguo wala ngozi." Nilimwitikia eeh, eeh, huku naangalia mikono yake isije ikachomoa kitu. Nikabonyeza stata, ikawaka kwa kuguswa tu. Nikaondoka najiona mjanja wa Kigoma nzima.

Adhuhuri nikampitia baba mdogo Yahaya Ujiji, ndiye mzee wangu wa kuniongoza, kanzu safi, koti juu, kifurushi cha migebuka mikavu mkononi. Mimi nina mfuko wa begani, ndani sukari na kitenge cha mama mkwe, doti nzima, nimekichagua mwenyewe (nusu siku, kwa kukivuta uzi mmoja mmoja). Tukaenda, pikipiki inaimba, na tulipoingia uani kwa Mzee Rajabu, katikati ya michikichi yake, nikazima na kushuka haraka kabla mtu hajaniona nimekaa juu yake. Mpaka hapo, safi.

Pembeni ya ua alisimama jamaa mmoja mwenye jembe begani, makamo yangu hivi. Akaizunguka pikipiki yangu polepole, akasema, "Karibuni. Pikipiki nzuri hii. Nimeisikia inavyowaka, betri mpya, sio?"

Akaondoka zake nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki pale na pikipiki yangu. Amejuaje kama betri ni mpya? Mtu anaulizia betri ya nini? Kwa nini hakusifia tairi? Na kwa nini ameenda nyuma ya nyumba?

Nikamwambia baba mdogo atangulie hatua mbili, nikatoa bisibisi na spana namba kumi chini ya siti, nikafungua kava ya ubavuni.

"Hamisi, unafanya nini?"

"Nachukua tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Tumekuja kuposa au kupigana?"

"Baba mdogo, wewe huwajui watu."

"Nawajua. Ni wakwe zako. Hamisi, rudisha hicho kidude!"

Nilikuwa nimeshachomoa waya zote mbili, na kimpira cha kupumulia nacho kikatoka chenyewe, nikaitia betri mfukoni chini ya kitenge, na kwa kuwa ikisimama ilikuwa inatoa pembe na mfuko unaonekana una boksi, nikailaza. Eeh, nikailaza. Hayo maneno ya Nestori yalikuwa yamepita kwenye masikio yangu kama upepo wa ziwani.

Tukafika mlangoni. Akatoka mama Zuhura, uso umejaa furaha, akanyoosha mikono miwili. Sasa nyote mnajua mgeni akifika anapokelewa mzigo, mwenyeji hakuachi uingie nao, ni heshima yako na yake, na mkwe ndiyo kabisa. "Karibu mwanangu, lete nikupokee."

"Aa, mama, usijisumbue, ni mwepesi tu." (Mkanda ulikuwa unanikata bega.)

Akacheka, akashika mkanda. Mimi nikashika mfuko. Akavuta kidogo. Nikavuta kidogo. Akavuta tena, akidhani naona haya, na mimi nikavuta mpaka mama wa watu akayumba, akaachia. Tabasamu likamtoka usoni, akageuka akamtazama mumewe. Mzee Rajabu alikuwa amesimama ndani na aliona yote. Baba mdogo akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

Nikakalishwa kwenye kochi. Mfuko nikaupakata mapajani kama mtoto mchanga. Na wazee walikuwa wanne, na salamu ya wenyeji wa kule si ya kurusha, unasimama, unainama, unapiga makofi mepesi, unaulizwa nyumbani, unaulizwa wazee, unaulizwa kazi, unajibu yote umeinama, halafu anafuata mwingine. Sasa piga makofi na una mfuko! Nikawa naubana kwapani, naupigia makofi kwa mbele, mkono mmoja mfupi mkono mmoja mrefu, mzee mmoja akamuuliza baba mdogo kwa kunong'ona kama nina tatizo la bega. Baba mdogo akasema ndiyo, tangu utotoni.

Tukakaa, mazungumzo yakaanza, mvua, mawese, bei ya samaki. Na mimi nikaanza kusikia joto mapajani. Kwanza joto zuri tu. Halafu likawa mwasho. Halafu mwasho ukawa na meno. Nikajigeuza huku, nikajigeuza kule, na mnadhani nilikumbuka betri? Thubutu. Nikasema moyoni, kunguni. Kochi lina kunguni. Nikainua mto wa kochi kwa kidole, nikachungulia chini yake, na nilipoinua macho nikakutana na ya mama Zuhura, ananitazama ninavyokagua kochi lake. Nikaurudisha mto nikaupigapiga, nikasema, "Kochi zuri, mama."

Zuhura alikuwa anapita na birika, akanikazia macho, nikaelewa ananiambia: macho ya polisi, Hamisi.

Ndipo akaingia bibi. Mama mzazi wa Mzee Rajabu, mkongojo mkononi, mdogo kwa umbo lakini aliposogea kila mtu alisimama, mpaka Mzee Rajabu mwenyewe. Nikajua hapa ndipo mtihani wenyewe ulipo. Nikasimama, kwa mara ya kwanza nikauweka mfuko chini kati ya miguu yangu, nikainama kwelikweli, mgongo chini, magoti yamekunjwa, nikaanza makofi.

Suruali haikupasuka kwa kelele. Ingepiga kelele ningeelewa. Iliachia kimya kimya, kama mkate uliolowa chai, paja la kulia kwanza, halafu la kushoto, kitambaa kikajifungua chenyewe kutoka kiunoni mpaka gotini, na kipande kimoja kikadondoka mbele ya miguu ya bibi. Bibi akakitazama. Akakiinua kwa ncha ya mkongojo, akauliza, "Hiki nini?"

Mimi nimeinama vile vile, mapaja nje, mekundu, mbele ya mama mkwe. Mbele ya mama mkwe, jamani! Mtu ambaye hata kula mbele yake unajifikiria.

Halafu shangazi yake Zuhura akadakia. "Nani kashona suruali hii?"

Macho yote yakaenda kwa Zuhura. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe.

"Zuhura! Ndiyo ushonaji huo unaowashonea watu mjini?"

"Nilikwambia huo uzi wa bei rahisi utakuumbua," mama yake akasema.

Na Mzee Rajabu akasema, polepole, "Tulikupeleka mjini kujifunza kazi, binti yangu."

Zuhura alitazama ile suruali, akanitazama mimi, na niliona amejua mshono wake haukosi, ila hajui kilichotokea, na machozi yanamlengalenga. Na mimi nikanyamaza. Hapa ndipo nisipopataka kila nikisimulia na baba mdogo hupaacha kwa kunihurumia. Nilinyamaza, kwa sababu nilishaelewa, harufu ilikuwa imenifika puani, nilijua ni betri, na nilijua pia kwamba wakiamini ni uzi mbovu, mimi nimepona, mfuko utabaki umefungwa, tutacheka, tutaendelea. Nikaiacha lawama imkae mwenzangu kwa pumzi tatu nne hivi. Ni chache, lakini Zuhura alizihesabu.

Halafu nikasema, "Si mshono. Mshono ni mzuri. Ni betri."

"Betri gani?" akauliza Mzee Rajabu.

Nikafungua mfuko. Kitenge cha mama kilikuwa na matundu mengi kuliko maua, sukari imekuwa uji, na katikati amelala mheshimiwa, H yake ubavuni, anadondosha. Yule jamaa wa jembe, ambaye wakati huo alikuwa ameingia na kukaa mlangoni, akaruka, "Asidi hiyo! Leteni maji, itamla nyama!" Wakanitoa nje mbio, nikamwagiwa ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, suruali iliyobaki ikaondoka na maji, na nilichofungwa kiunoni ni kitenge cha mama mkwe, cha kwake mwenyewe, alichokitoa kwenye kamba ya nguo huku amegeuza uso pembeni. Ngozi ilipona, kaalama kadogo tu kamebaki. Nikarudishwa sebuleni nimefunga kitenge chenye picha za kuku.

Mzee Rajabu aliisubiri hali itulie. Akaiweka betri katikati ya sakafu juu ya gazeti.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwenye pikipiki yangu, mzee."

"Pikipiki iko wapi?"

"Hapo uani."

"Imeharibika?"

"Hapana, mzee."

"Sasa umeitoa kwa nini?"

Nikatazama chini kwenye kuku wangu. Baba mdogo akajaribu kuniokoa, Mungu amlipe, akasema, "Alikuwa anaipumzisha." Hata bibi aliguna.

"Niliogopa itaibiwa," nikasema.

"Na nani?" Mzee akageuza kichwa taratibu, akawatazama waliokaa pale mmoja mmoja, mkewe, dada yake, wazee wenzake, mama yake. "Uani kwangu kuna sisi tu. Na nani?"

Yule jamaa wa jembe akasema, bila hasira, kwa huzuni tu, "Na mimi, baba. Nilimsifia pikipiki." Ndipo nikajua ndiye Juma, kaka yake Zuhura, tumbo moja.

Mzee Rajabu akanigeukia. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto. "Kijana, umekuja kuniomba nikukabidhi mwanangu uondoke naye, nisimwone akila, nisimwone akilala, nikuamini tu. Na wewe hukuweza kuniamini na betri."

Jibu la hayo natafuta mpaka leo.

Tukaaga. Nikairudisha betri mahali pake huku watu wote wametoka kibarazani, nimechuchumaa na kitenge changu, nikafunga waya, nikabonyeza. Tk. Nikabonyeza tena. Tk. Asidi yenyewe nusu ilishaishia mapajani mwangu. Na kiki mnaijua, na hata iliposukumwa hatua chache iligoma kuwaka. Nikasema, basi, nitaisukuma. "Mpaka Ujiji?" baba mdogo akauliza. Nikasema mpaka Ujiji, potelea mbali, kuliko kuiacha, na hilo neno "kuliko kuiacha" lilinitoka kwa sauti, kila mtu akalisikia.

Mzee Rajabu akashuka ngazi, akanyoosha kiganja. "Iache. Na ufunguo. Siku saba. Jumamosi ijayo uje uichukue, ndipo tutaongea habari za Zuhura, au hatutaongea."

Zuhura alikuwa mlangoni. Hakunitazama usoni, aliutazama mkono wangu. Nikauchomoa ufunguo kwenye pikipiki (mfukoni usingekuwa, mimi sikuwa na mfuko tena), nikauweka kwenye kiganja cha mzee, na vidole vyangu vikachelewa kuuachia. Mzee akasubiri. Nikaachia.

Juma aliazima pikipiki ya jirani akaturudisha, mshikaki, yeye, mimi katikati na kuku wangu wanapepea, baba mdogo nyuma, tukapita Ujiji watu wanatoka msikitini alasiri, na baba mdogo hakuacha kumsalimia hata mtu mmoja.

Hiyo wiki nisiieleze sana. Kila nikifumba macho naona pikipiki yangu inafunguliwa nati, tairi linaenda huku, tangi kule. Nikazungusha samaki kwa miguu. Siku ya tatu nikajikuta nimefika njia ya Simbo na ndoo ya dagaa kichwani, najidai natafuta wateja, nikageuka mwenyewe. Zuhura hakupokea simu. Aliniletea ujumbe mmoja tu: "Suruali si kitu. Ila walivyonisema, wewe ulinyamaza." Huo niliusoma mpaka simu ikazima.

Siku ya tano nikaenda kwa Nestori, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa sababu nilimtukana mbele ya wateja wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ile ya H iko wapi sasa?" Nikamwambia iko ukweni. Nikamwambia na ilivyofika mpaka sebuleni. Nestori yule asiyecheka alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alipomaliza akasema, "Jumamosi nenda, kaka. Usiende na spana."

Jumamosi nikaenda kwa miguu yangu na lifti za watu. Mfuko wangu mpya, kitenge kipya, sukari mpya. Mama Zuhura alikuja mlangoni lakini mikono ameikunja, na mimi nikauvua mfuko begani kabla hajausogelea nikaushika kwa mikono miwili nikampa. Akaupokea. Halafu akacheka, akaingia nao ndani.

Pikipiki ilikuwa pale pale nilipoiacha, imeoshwa. Mzee Rajabu akanipa ufunguo, familia nzima iko kibarazani. Nikabonyeza. Ikawaka kwa kuguswa tu.

Sasa mimi si mtoto. Betri niliyoiacha ilikuwa maiti. Kwa hiyo kuna mtu ameishika, ama ameijaza na kuichaji, ama ametoa hiyo ameweka nyingine, na nyingine ipi, nzima au ya dawa ya viatu, ningejua kwa kufungua kava tu, nikaona kama kuna H. Mkono wangu ukaenda ubavuni mwa pikipiki wenyewe, naapa sikuutuma.

"Kuna unachotafuta?" Mzee Rajabu akauliza.

Juma akanyoosha mkono, ndani yake bisibisi. "Shemeji, hii hapa."

Zuhura alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza. Safari hii alinitazama usoni.

"Hapana, mzee," nikasema. "Inawaka. Nashukuru."

"Una hakika?"

"Nina hakika." (Sikuwa nayo. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye nyayo.)

Mzee akasema, "Haya. Zima, uingie ndani. Chai inapoa. Ile siku ulisema mwenyewe kwamba si mshono, ulichelewa, lakini ulisema. Tutaanzia hapo."

Basi ndiyo hivyo, Zuhura sasa ni mke wangu, anashona hapa hapa nyumbani. Kiki bado mbovu, betri bado inawaka, na chini ya kava ile kuna H au hakuna H, sijui. Nestori anajua, nimemwona anavyotabasamu nikipita. Juma anajua. Nadhani hata bibi anajua. Mimi nimeapa siulizi na sifungui, mpaka siku itakapokufa yenyewe. Na asubuhi nyingine nikitoka nakuta bisibisi imewekwa juu ya siti, katikati kabisa, na cherehani ndani imenyamaza. Naichukua, nairudisha kwenye droo, nabonyeza stata, inawaka, ndipo nasikia cherehani inaanza tena.